Unga wa Ngorongoro na Hadithi ya Kama'a



Ndugu msomaji, ninayo mbele yangu karatasi ndogo ya manjano, imekunjwa mara nne. Nimeitoa ndani ya pakiti ya unga uliokuja kuuzwa katika mji wetu kwa jina la "Kama'a ya Ngorongoro". Juu yake imepigwa chapa kwa hati za Kiarabu hadithi ya Mtume wetu (S.A.W.) inayotaja kama'a. Chini yake pameelezwa kwamba uyoga huu wa jangwani huchumwa katika nyika za Karatu na Ngorongoro, kwamba wazee wa huko wanautumia tangu zama za mababu, na kwamba wataalamu wa Ulaya wamethibitisha kuwa una "antioksidanti" nyingi. Kisha yamepangwa maradhi kama bidhaa dukani: sukari, shindikizo la damu, saratani, mtoto wa jicho, ukungu wa macho na udhaifu wa nguvu za kiume. Pakiti moja shilingi elfu thelathini.

Muuzaji aliletwa msikitini kwetu Ijumaa moja baada ya sala. Kijana mzuri, kanzu safi, ulimi mwepesi. Aliomba dakika tano akapewa. Aliisoma hadithi kwa irabu zake sawasawa, akasimulia habari za wazee wa Ngorongoro, akafungua mkoba. Mimi nilikuwapo, nimekaa safu ya mbele, na nilijua kuwa nusu ya maneno yale hayana miguu. Nikanyamaza. Niliona haya kumkatiza mtu aliyekwisha kutaja hadithi sahihi mbele ya watu.

Habari zilifika majumbani. Katika walionunua alikuwamo mama mmoja mjane wa mtaa wetu, ambaye watoto wake wote wamesoma kwangu. Alikuwa na sukari ya miaka mingi na macho yake yameanza kufifia. Vidonge vya hospitali akaviweka kabatini. Unga akaunywa kwa uji asubuhi, na jioni akauroweka katika kikombe, akauchuja kwa kitambaa, akajitonesha jichoni. Haikupita wiki tatu jicho la kulia likawa jekundu, kisha likafanya doa jeupe. Alipofikishwa kwa daktari wa macho aliambiwa kidonda kimekwisha kula kioo cha jicho. Jicho lile halioni tena.

Nilikwenda kumpa pole. Hakunilaumu. Alisema, "Maalim, mwanangu aliniambia ulikuwa umekaa pale pale mbele. Nikajua ni kweli."

Kwa maneno hayo naandika.

Kwanza nilitaka kujua unga ule watoka wapi. Ninaye mwanafunzi wangu wa zamani mwenye duka Karatu, nikafunga safari. Ukishatoka Mto wa Mbu, gari hupanda ukingo wa Bonde la Ufa, ukapita Rhotia, ndipo ukaingia Karatu. Msomaji ambaye hajafika asidhani atakuta mchanga na ngamia. Ni nchi ya milimani, udongo mwekundu kama matofali, mashamba ya ngano, mahindi na kahawa, na wenyeji wengi ni Wairaqw, wakulima hodari. Ukiendelea mbele hadi lango la Lodoare unaingia msitu wenye ukungu na baridi ya kukung'uta meno. Ukame upo, lakini ni upande mwingine: kule Mang'ola karibu na ziwa Eyasi, ambako vitunguu hulimwa kwa maji ya mifereji na Wahadza huishi kwa mizizi, asali, ubuyu na windo, na kule tambarare za Oldupai wanakochunga Wamasai.

Nilizunguka sokoni na mwenyeji wangu tukiuliza habari za uyoga wa dawa ya macho. Uyoga wanaujua. Huota mvua zikinyesha, khasa penye vichuguu vya mchwa, nao huuchemsha ukawa mboga. Wa kutoneshea jichoni hakuna aliyeujua. Mama mmoja muuza mboga alicheka akaniuliza, "Babu, kwenu uyoga mnaula kwa macho?"

Lakini hata kama angenionyesha uyoga wa kuponya, usingekuwa kama'a. Kama'a ni kitu kinachojulikana, si jina la kubandikwa popote. Hukaa chini ya mchanga, mviringo kama kiazi, hauna mguu wala mwavuli. Huota katika majangwa ya Bara Arabu, Iraq, Sham, na magharibi hadi Aljeria na Moroko, baada ya mvua za mwanzo wa baridi, nao huishi kwa kushikamana na mizizi ya vijiti vidogo vya jangwani ambavyo Waarabu wa Ghuba wanaviita raqruq. Wao wenyewe huuita faqa, na ndugu zetu walioko Maskati na Kuwait wanajua jinsi unavyopatikana kwa shida na unavyouzwa ghali mwaka mvua zikiwa chache. Jangwa la Kalahari, kusini mwa Afrika, nalo lina wa kwake. Udongo mwekundu wa Karatu si makao yake. Basi neno la kwanza katika karatasi ile, yaani jina, ni la uongo.

Sasa nitasikia mtu akisema, "Sheikh anapinga hadithi." Audhu billahi. Hadithi ni sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Said bin Zaid (R.A.), na maana yake ni kwamba kama'a ni katika jinsi ya manna waliyoteremshiwa Bani Israili, na kwamba maji yake ni shifaa ya jicho. Tunaiamini bila ya shaka. Walakini tazama jinsi wanavyuoni walivyoichukua kwa adabu. Ibnul Qayyim ametaja kauli zaidi ya moja juu ya namna ya kuyatumia maji hayo: wako waliosema yachanganywe na dawa nyingine za jicho, wako waliosema yatumiwe peke yake baada ya kama'a kuchomwa. Imamu Nawawi ameona kuwa maji yake matupu ni shifaa, akasimulia habari ya mtu wa zama zake, mtu mwema mwenye kuijua hadithi, aliyekuwa haoni akayatumia akapona. Wazee hawa walibishana juu ya maji ya mmea wanaoujua, juu ya kiungo kilichotajwa. Hakuna aliyeongeza sukari, saratani na nguvu za kiume. Aliyeongeza ni kijana wa mkoba, akaliweka neno lake chini ya neno la Mtume katika karatasi moja, ili asomaye asione mpaka uko wapi.

Na katika Sunna hiyo hiyo, Saad bin Abi Waqqas (R.A.) alipougua, Mtume (S.A.W.) alimwambia aende kwa Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif, kwa sababu ni mtu anayejua utabibu. Hakumwambia anunue kwa yeyote apitaye. Hii pia ni Sunna, imo katika Abu Daud, lakini sijaiona imepigwa chapa katika pakiti yoyote.

Nije kwenye neno la pili, hili la antioksidanti, maana ndilo linalowababaisha hata vijana wetu waliosoma. Mama akikata biringani akaliacha sahanini, hugeuka jeusi. Akilikamulia ndimu, weusi hukawia. Chuma kikikaa upepo wa bahari hushika kutu. Hewa ya oksijeni, ambayo bila yake hatuishi, ndiyo inayofanya kazi hiyo, na ndani ya miili yetu mna mambo yanayofanana na kutu hiyo. Antioksidanti ni kitu chochote kinachoizuia au kuikawiza. Wataalamu wanapotaka kuipima, moja ya njia zao ni kutia dawa ya kupimwa katika maji yenye rangi ya zambarau, kisha wakaangalia rangi inavyofifia kuwa ya manjano. Ikififia sana husema ina nguvu. Ni kipimo cha kweli, na waliopima kama'a ya kweli si waongo. Huko Hispania mwaka 2002 walitangaza matokeo ya kupima uyoga mbalimbali, kama'a ikiwamo, wakaikuta na nguvu hiyo, wakaona pia kuwa kuigandisha na kuitia makoponi hupunguza. Huko Jordan mwaka 2004 wakaonyesha kuwa maji ya kama'a huzuia bakteria wa aina fulani katika vyombo vya kupimia. Muislamu akisikia hayo hufurahi, na ana haki.

Lakini maji ya zambarau hayana sukari wala macho! Kufifisha rangi ndani ya kichupa si kumponya mtu. Mwaka 2010 ulitolewa uchunguzi wa vyakula na viungo zaidi ya 3,100 vilivyopimwa antioksidanti, na katika viungo vya mapishi ni karafuu iliyokuwa juu. Karafuu, enyi watu wa Unguja na Pemba! Lau antioksidanti ni tiba ya sukari na saratani, basi Wete pasingekuwa na mgonjwa, na sahani moja ya pilau ingetosha kufunga hospitali. Chai ya rangi inazo, mdalasini unazo, ukwaju unazo. Neno hilo halimaanishi dawa. Ni sifa ya kitu, kama vile utamu au uchungu.

Tena limekwisha kupimwa kwa watu, si kwa vichupa tu. Finland waliwapa wanaume wavutaji sigara, jumla yao 29,133, vidonge vya antioksidanti au vidonge vitupu bila ya wao kujua kipi ni kipi. Moja ya hizo antioksidanti ilikuwa beta-karotini, ile rangi iliyomo katika karoti na maboga. Walitaraji saratani ya mapafu ipungue. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1994, waliokula beta-karotini ndio walioipata zaidi, kwa asilimia 18. Marekani nako walikuwa wakiwajaribu watu zaidi ya 18,000 kwa beta-karotini pamoja na vitamini A. Mwaka 1996 wakasimamisha kabla ya wakati, kwa kuwa saratani ilizidi kwa asilimia 28. Kitu kile kile ambacho katika boga ni riziki, kilipokusanywa kikatiwa kidongeni kikawadhuru wavuta sigara. Na hao walikuwa na mizani, madaktari na daftari. Huyu wetu alikuwa na mkoba.

Msomaji asije akadhani nawadharau wazee wa Ngorongoro. Kinyume chake, nawatetea na wanaowasingizia. Wilayani humo wanaishi Wabatemi, ambao wengi wanawajua kwa jina la Wasonjo, pamoja na Wamasai, na ilimu yao ya miti ni kubwa. Mwaka 1999 Timothy Johns wa Chuo Kikuu cha McGill cha Kanada, na wenziwe, akiwamo Mahunnah wa hapa Tanzania, walitangaza utafiti juu ya mizizi na magome ambayo Wabatemi hutia katika vyakula vyao, wakakuta kuwa mengi yana fenoli, ambazo ni katika jamaa za antioksidanti, na saponini. Wakaona huenda vitu hivi vinawasaidia watu wanaokula mafuta mengi. Kabla yake, mwaka 1964, daktari Mmarekani George Mann na wenziwe walieleza kuwa Wamasai wanakunywa maziwa na kula nyama kwa wingi, na damu zao hazina mafuta mengi kama ilivyodhaniwa. Mwaka 1972 wakatoa habari za miili ya wanaume 50 waliofanyiwa uchunguzi baada ya kufa: mafuta katika mishipa yalikuwamo, lakini mishipa yenyewe ilikuwa mipana, na wakafikiri sababu ni kutembea na kazi za mwili. Angalia basi! Gome Mmasai hulitia katika supu yake, pamoja na nyama, naye hutembea na ng'ombe kutwa. Mfanyabiashara huweza kukuuzia gome. Miguu ya Mmasai hawezi kukuuzia.

Na wilaya hiyo hiyo ilikwisha kutufunza somo, nasi tukalisahau upesi. Ni nani asiyekumbuka kikombe cha Loliondo? Mwaka 2011, kijiji cha Samunge, nchi ya Wabatemi, kama kilomita 400 kutoka Arusha, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alikuwa akiwapa watu maji ya mizizi ya mti uitwao mugariga, ambao Waswahili wanauita mtandamboo. Kikombe shilingi 500. Ilisemwa chatibu UKIMWI, sukari, saratani, pumu. Foleni ya magari ikawa ya kilomita nyingi, wakubwa wakaenda kwa helikopta, na maiti waliokufa wakingojea zamu walitajwa kuwa zaidi ya 50 ilipofika mwisho wa Machi mwaka huo. Mwenyewe amefariki mwaka 2021, nami sitamsema marehemu ambaye hata bei yake ilikuwa ya huruma. Nasema juu yetu. Mabasi yalitoka pwani pia. Waislamu wakasafiri siku na siku kwenda kunywa kikombe cha ndoto ya mchungaji, na waliobaki nyumbani wakawalaumu kwa imani. Mimi nauliza jingine: nani aliyeuliza ushahidi?

Kwani ushahidi wa mti ule ulikuwapo, wa kiasi chake. Watafiti wa KEMRI, Nairobi, mwaka 2006 walitangaza kuwa maji ya mizizi ya mtandamboo yanazuia virusi vya malengelenge, vile viitwavyo herpes, katika vyombo vya kupimia na katika panya. Hiyo ni ilimu nzuri ya kuendelezwa. Lakini malengelenge ya panya si UKIMWI wa binadamu. Waliorudi kutoka Samunge wakaviacha vidonge vyao vya UKIMWI hawakudanganywa na mti. Walidanganywa na yule aliyeruka kutoka kwa panya hadi kwa mtu bila ya daraja. Ndiyo mruko ule ule ulio katika karatasi yangu ya manjano.

Tena linganisha na hili. Ngorongoro ni miongoni mwa wilaya za Tanzania ambako trakoma, yaani vikope, ugonjwa unaopofusha kwa kope kuchoma jicho, umekawia kwisha, khasa kwa wafugaji walio mbali na maji. Lau uyoga wa kuponya macho ungekuwa unaota huko, kina mama wa Kimasai wasingengojea dawa za kampeni kutoka Wizara ya Afya. Muuzaji ametutolea dawa ya macho kutoka nchi inayolia macho!

Na madhara yake yamekwisha kuandikwa. Mwaka 1994 madaktari Yorston na Foster walitoa uchunguzi wao wa hapa Tanzania juu ya vidonda vya kioo cha jicho, wakakuta kiasi cha robo vimehusiana na dawa za kienyeji zilizotiwa jichoni. Si ajabu. Maji ya unga usiojulikana, yaliyokaa kikombeni usiku kucha, yana vijidudu vyake, na jicho la mwenye sukari halina nguvu ya kupigana.

Sheria ya dini haikuliacha jambo hili wazi. Imepokewa na Abu Daud, Nasai na Ibn Majah kwamba mwenye kujitia utabibu, naye hakujulikana kuwa na ilimu hiyo, basi ni mdhamini wa atakachokiharibu. Yaani jicho la yule mama ni deni juu ya kijana wa mkoba. Na Mtume (S.A.W.) alipotia mkono ndani ya chungu ya nafaka sokoni akakuta umande chini, alimkana mwenye kughushi. Yule alificha maji chini ya nafaka. Huyu ameficha unga chini ya hadithi. Dola nayo ina sheria yake: Tanzania Bara tangu mwaka 2002 ipo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, na lipo Baraza linaloandikisha waganga na dawa zao, Zanzibar wanayo ya kwao. Nilimtafuta kijana yule kwa simu iliyo katika karatasi nikamuuliza habari ya cheti cha Baraza. Akaniambia, "Sheikh, dawa ya Mtume haihitaji cheti." Kisha simu ikakatika, na mpaka leo haipatikani.

Lakini mimi siwezi kumtupia yeye yote. Alikuwa mgeni, na mgeni haaminiwi isipokuwa kwa wenyeji wake. Sisi maimamu na waalimu ndio tuliompa mimbari. Hakuna mtu wa mtaa wetu angemwamini stendi ya mabasi. Walimwamini kwa sababu alisimama penye mihrabu, na nyuma yake kuna ndevu nyeupe zimenyamaza, na moja katika hizo ni zangu. Mwenyezi Mungu, katika Suratu Bani Israil, ametukataza kufuata tusilolijua, akatueleza kuwa masikio na macho na nyoyo vitaulizwa. Mimi nilikuwa nalijua, na nimeulizwa kabla ya Akhera, na mjane.

Jicho moja la yule mama limesalia, alhamdulillah. Amerudi kwenye vidonge vyake, na kila mwezi mjukuu humpeleka kliniki ya sukari. Uji wake sasa hautiwi unga wowote. Karafuu na tangawizi hutia, kwa sababu azipenda.

Katika msikiti wetu tumekubaliana, wazee na kamati, kwamba hakuna dawa itakayotangazwa baada ya sala, iwe ya habbat sauda, asali, mizizi au uyoga, mpaka mwenye nayo alete cheti cha Baraza chenye jina lake na jina la dawa, aseme mbele ya watu ni ya ugonjwa gani mmoja, na akubali kuandika kuwa mgonjwa asiache dawa ya hospitali kwa ajili yake. Tangu tulipobandika tangazo hilo mlangoni wamekuja watatu. Wawili walilisoma wakarudi na mikoba yao. Wa tatu, mzee kutoka Lushoto mwenye dawa ya kikohozi, alisema anacho cheti, amekisahau nyumbani. Tunamngojea.